Kuta za Nairobi Zilivyosema Wakati Watu Wamenyamaza

Wadau, kama umewahi kupita Nairobi basi unajua jiji lile halikosi rangi. Nganya inakupita kasi, ubavuni imechorwa uso wa msanii wa rap, nyuma kuna maneno ya kukuchekesha. Lakini chini ya mbwembwe hizo kuna historia nzito, na ndiyo nataka tuikumbuke leo.

Tuanze na matatu zenyewe. Mwaka 2004 serikali ilileta sheria kali za usafiri: mikanda, vidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikapigwa marufuku na vijana wengi waliokuwa wanaishi kwa brashi wakakosa kazi. Ilipofika 2014 ndipo rais wa wakati huo akasema hadharani waachiwe wachore. Miaka kumi bwana!

Katikati ya miaka hiyo ndipo mambo yalipochacha. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulizaa ghasia. Watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kibera kuliwaka moto, mpaka reli inayopita pale ikang'olewa. Kipindi hicho jirani alikuwa hasemi na jirani. Lakini kuna kijana mmoja wa hapo hapo mtaani alichukua rangi akaanza kuandika maneno ya kutaka amani. Aliandika kwenye mabati, milango na kuta za vibanda, hata vilivyoungua. Hakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Ukitoka kuchota maji unakutana na yale maneno, ukirudi unakutana nayo tena.

Mwaka uliofuata, Januari 2009, akaja msanii kutoka Ufaransa. Akapiga picha za kina mama wa Kibera, akazikuza sana, akazitandaza juu ya mapaa, mita za mraba 2,000 hivi. Alitumia turubai lisilopitisha maji, kwa hiyo sanaa ilikuwa pia kinga ya mvua. Halafu akabandika macho ya kina mama kwenye mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya nyuso zao kwenye mteremko chini ya reli. Treni ikipita, sura inakamilika kwa sekunde chache. Ni reli ile ile iliyong'olewa mwaka mmoja kabla! Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Sasa njoo 2012, uchaguzi mwingine unakaribia. Asubuhi moja watu wa katikati ya jiji, karibu na City Market, wakakuta ukuta mzima umechorwa tumbusi aliyevaa suti anamkandamiza mwananchi. Ilichorwa usiku. Aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo ni mpiga picha wa habari, ambaye 2008 alikuwa mitaani na kamera yake akishuhudia maiti. Hasira yake ilikuwa moja: waliochochea bado wanaomba kura, na waliofiwa ndio watakaowapigia. Watu walisimama, wakasoma, wakabishana. Michoro mingine ilifutwa haraka kwa rangi.

Kuna wanaosema ule ni uchafu na uharibifu wa mali ya watu. Sawa, mwenye ukuta ana haki yake. Lakini jiulize, mtu wa Kibera angesemea wapi? Gazeti linanunuliwa, redio ina mwenyewe, ukuta unasomwa na kila apitaye, bure.

Siwezi kukudanganya kwamba rangi ndiyo iliyoleta utulivu wa 2013, yapo mengi yaliyochangia. Ila tumbusi yule hakufutika vichwani. Watu walipata jina la kumuita kiongozi mlafi, na jina likishashika, huwezi kulipaka rangi juu.

Wewe mdau, mtaani kwako ukuta unasema nini? Tupia maoni yako hapo chini.