Mazoezi ya misuli ya unyayo

Mazoezi ya misuli ya unyayo hukusudia kuimarisha misuli midogo inayoanzia na kuishia ndani ya unyayo wenyewe, ili kupunguza majeraha ya wakimbiaji, wacheza dansi na wanamichezo wengine. Misuli hii ni tofauti na ile mikubwa ya kigimbi, ambayo huteremsha kano zake tu hadi vidoleni.

Maumbile na kazi

Unyayo una mifupa 26, na chini yake misuli imepangwa katika tabaka nne. Mmojawapo unaojulikana zaidi hupita ukingo wa ndani, kutoka kisigino hadi kidole gumba, na ni nguzo ya tao. Mguu unapotua, tao hushuka kidogo na misuli hukaza kulizuia. Mguu unapoinuka, misuli hiyo husaidia kusukuma mwili mbele. Ikichoka, mzigo huhamia kwenye utando mgumu wa unyayo na mifupa mirefu ya kati. Maumivu ya kisigino ya asubuhi na nyufa za mifupa huhusishwa na mzigo huo.

Namna ya kufanya

Zoezi la msingi ni kufupisha unyayo. Mtu huketi, huweka mguu bapa sakafuni, kisha huvuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Tao hupanda, analishikilia kwa sekunde chache, analegeza, anarudia. Vidole vikijikunja, kazi imechukuliwa na misuli ya kigimbi na zoezi limepotea. Akilimudu, hulifanya akiwa amesimama, halafu kwa mguu mmoja. Mengine ni kuinua kidole gumba peke yake, kutawanya vidole na kuinua visigino.

Utafiti

Mwaka 2015 McKeon na wenzake walichapisha makala mashuhuri iliyolinganisha misuli hii na ile ya kiunoni na tumboni inayotuliza uti wa mgongo. Ushahidi mzito ulitoka Brazil mwaka 2020: Taddei na wenzake waligawa wakimbiaji 118 wa kujifurahisha katika makundi mawili, wakawafuatilia kwa mwaka mmoja. Waliopewa mazoezi ya kunyoosha viungo tu walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 2.42 ya wale waliofanya mazoezi ya miguu. Manufaa hayakuonekana mara moja; yalikuja baada ya miezi kadhaa, jambo ambalo makocha wenye haraka hawana budi kulizingatia.

Viatu na pekupeku

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake, waliopima pia wakimbiaji Wakalenjin wa Kenya, walionyesha kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya mguu. Matokeo hayo yalichochea biashara ya viatu vyepesi vinavyoiga kukimbia pekupeku. Kuvihamia kuna hatari: mwaka 2013 Ridge na wenzake waliona uvimbe ndani ya mifupa ya miguu ya wakimbiaji waliovihamia kwa wiki 10. Kutembea navyo kwanza ni salama zaidi, na kwenyewe huimarisha misuli.

Dansi

Wacheza baleti husimama juu ya ncha za vidole, na kano ndefu ya kidole gumba huvimba mara kwa mara. Kuvunjika kwa mfupa mrefu wa kati unaoelekea kidole cha tano, mguu unapopinda wakati wa kutua, huitwa mvunjiko wa mcheza dansi.