Anayeshangaa na Anayesikiliza: Funzo la Swali la Erasto Mpemba

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kushangaa kuna sifa mbaya. Mtoto aliyetumwa dukani akasimama njiani kutazama siafu hugombezwa: "Unashangaa nini?" Mgeni wa mjini anayekodolea macho magorofa huitwa mshamba. Tumezoea kumhesabu anayeshangaa kuwa mpoteza muda au mtu asiyejua mambo. Makala hii inadai kwamba mshangao ndio mlango wa sayansi, na kwamba mlango huo huhitaji watu wawili ili ufunguke: anayeuliza, na anayekubali kulisikiliza swali. Ushahidi wangu ni kisa kilichoanzia Lushoto.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu. Mpemba alipoona mwenzake amekwisha kuweka maziwa yasiyochemshwa, alihofia kukosa nafasi, akayaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimweleza kwamba yeye pia hutumia maziwa ya moto ili yagande upesi. Jambo lililokataliwa darasani lilikuwa likiwapatia watu riziki mtaani.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Na tangu hapo kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Mwalimu huyo alikuwa na haki ya kutilia shaka, kwa kuwa maji ya moto yanapopoa hayana budi kupita katika joto lilelile ambalo maji ya vuguvugu yameanzia. Alichokosea ni kuitumia shaka hiyo kumaliza mazungumzo, ilhali jaribio lenyewe lingehitaji vyombo viwili, maji na jokofu tu.

Ndipo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoizuru shule. Mpemba akamwuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda? Darasa likacheka. Osborne naye alikuwa na shaka, lakini aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yalitangulia, akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba, ambaye sasa alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi, alichapisha makala pamoja na Osborne katika jarida la *Physics Education*.

Msomaji makini ataniuliza: je, jambo lenyewe limethibitika? Ubishi haujakwisha. Wapo wanaotaja uvukizi kuwa sababu, wengine mikondo ya maji chomboni, wengine gesi zilizoyeyuka. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilipoomba maelezo, kilipokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kupotosha matokeo. Mwaka 2020 watafiti wengine, Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha tabia ya namna hiyo katika chembe ndogo mno iliyozamishwa majini.

Ubishi huu unaipa hoja yangu nguvu. Swali la mwanafunzi mmoja limewalazimu wataalamu wapime upya kitu walichodhani wanakijua. Pia unatufundisha adabu ya kugawana mshangao. Anayesambaza habari ya ugunduzi bila kujali umepimwaje anasambaza uvumi, hata kama habari ni ya kweli. Mpemba alitaja vyombo, kiasi na nyuzi za joto. Kwa kufanya hivyo alimpa Osborne njia ya kumsahihisha, na Osborne akaitumia njia hiyo kwa heshima.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Usemi huo humtia moyo mwulizaji, lakini Mpemba hakukosa moyo; aliuliza mara tatu. Kilichokosekana mara mbili za kwanza ni msikilizaji. Basi mwalimu, au mzazi, utakapoletewa swali linaloonekana la kipuuzi, tafuta vikombe viwili na maji, upime pamoja na aliyeuliza.