Nauru: Waliohamishwa Wapokea Waliohamishwa

Wanauru wanaujua uhamisho. Mwaka 1943 Wajapani waliwachukua wapatao 1,200 hadi Truk. Mwaka 1946 walirudi 737 tu. Kisiwa chao, chenye kilomita za mraba 21, kilichimbwa fosfeti hata katikati yake pakabaki mawe matupu, nayo hazina ikakauka. Ndipo mwaka 2001 Australia ilipokataa kuwapokea watu 433 waliookolewa baharini na meli Tampa, ikawapeleka wengi wao Nauru kwa malipo. Kambi ilifungwa 2008, ikafunguliwa tena 2012. Ajira zilipatikana, kweli. Lakini mwaka 2014 ada ya viza ya mwandishi wa habari ilipandishwa kutoka dola 200 hadi 8,000. Je, kisiwa kilichofilisika kilikuwa na hiari gani? Mimi siwalaumu wenyeji upesi.