Samaki wa Chuma na Dhamiri ya Mchungaji



Tangu katekesi ya utotoni sote tunamjua nabii Yona, aliyekaa siku tatu tumboni mwa samaki mkubwa. Juma hili tunawaalika kutafakari habari za samaki wa aina nyingine, aliyeundwa kwa mikono ya wanadamu, ambaye mabaharia huishi tumboni mwake siku sabini na zaidi. Tutafakari pia habari za mchungaji mmoja aliyeona kwamba hawezi kunyamaza mbele yake.

Nyambizi USS Ohio iliingia rasmi katika Jeshi la Wanamaji la Marekani tarehe 11 Novemba 1981. Urefu wake ni meta 170, kupita kiwanja kimoja na nusu cha kandanda. Nguvu yake hutoka katika kinu cha nyuklia: joto la urani hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo huzungusha mitambo inayoendesha rafadha. Hewa ya kupumua hutengenezwa kutokana na maji ya bahari. Kinachoilazimisha kurudi bandarini si kuishiwa nguvu, bali ni mabaharia kuishiwa chakula. Ndiyo maana ilipewa vikosi viwili vya mabaharia vinavyopokezana zamu.

Wakati huo ilibeba makombora 24 aina ya Trident, yenye uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 7,000. Kombora husukumwa nje wakati nyambizi ingali imezama, na injini yake huwaka likisha kutoka majini. Kila kombora liliweza kubeba vichwa vinane vya nyuklia, na kila kichwa kiliizidi mara kadhaa nguvu ya bomu lililoteketeza Hiroshima. Tukizidisha, tunapata vichwa 192 katika chombo kimoja. Walioiunda walikuwa na hoja yao: nyambizi isiyoonekana haiwezi kuangamizwa kwa shambulio la ghafla, basi adui, kwa kuogopa kisasi, hatathubutu kuanza vita. Hivyo woga ukafanywa mlinzi wa amani.

Makao ya nyambizi hiyo yalipangwa kuwa Bangor, karibu na Puget Sound, ndani ya Jimbo Kuu Katoliki la Seattle. Askofu Mkuu wake alikuwa Raymond Hunthausen. Mwaka 1945, Hiroshima ilipoungua, yeye alikuwa bado mseminari. Baadaye, akiwa askofu kijana, alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao ulilaani maangamizi ya miji mizima pamoja na wakazi wake. Mnamo Juni 1981 alisema hadharani kwamba Trident ni Auschwitz ya Puget Sound, akiikumbuka kambi ambamo Wanazi waliua watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 1982 alizuia nusu ya kodi yake ya mapato, asichangie silaha hizo.

Tusidhani kwamba ilikuwa rahisi. Miongoni mwa waamini wake walikuwamo waliopata riziki yao katika kituo hicho cha Bangor. Watu hao walikuja Misa, wakabatiza watoto wao, wakatoa sadaka. Sisi tuliopewa kulichunga kundi tunajua uzito wa kusema neno linalogusa mkate wa waamini. Wala hekima haikuwa upande mmoja tu. Mwezi Juni 1982 Papa Yohane Paulo II aliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba, kwa hali ya wakati ule, kuzuia vita kwa tishio la silaha kungeweza kukubalika kimaadili, mradi si lengo lenyewe bali hatua ya kuelekea kuziondoa.

Tarehe 12 Agosti 1982 Ohio iliwasili Bangor. Watu wachache waliokwenda kuipinga kwa vijimashua walizuiwa na walinzi wa pwani.

Je, Askofu Mkuu alishindwa? Kwa macho ya kibinadamu, ndiyo. Makombora ya Ohio yaliondolewa katika miaka ya 2000, lakini nyambizi nyingine za Trident zingali Bangor. Hata hivyo, Kanisa liliendelea kulitafakari swali lake. Mwezi Novemba 2017 Papa Fransisko alilaani hata kule kuzimiliki tu silaha za nyuklia, na mwaka 2019, akiwa Hiroshima, alitamka kwamba kuzimiliki ni kinyume cha maadili. Hunthausen aliaga dunia Julai 2018, akiwa na umri wa miaka 96.

Wapendwa, sisi hatuna nyambizi. Lakini tunazo amani zetu zilizojengwa juu ya woga: nyumba iliyo kimya kwa sababu mke anaogopa kipigo, majirani wasiogombana kwa sababu kila mmoja anaijua siri ya mwenzake. Ukimya huo tusiuite amani ya Kristo. Na anayeona hivyo, aseme, hata kama atabaki peke yake kwa miaka mingi.

Mungu awabariki nyote.