Kitui hadi Kibwezi kwa baiskeli: Siku inayopimwa kwa maji

SAFARI ya baiskeli kutoka mji wa Kitui hadi Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, ni mwendo wa karibu kilomita 140. Njia hupita Ikanga, Mutomo na Ikutha, kisha huvuka Mto Athi ambao ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Kundi la waendeshaji waliofanya mazoezi ya kutosha huweza kuukamilisha mwendo huo kwa siku moja, mradi liwe limepanga mapema namna ya kupata maji.

Hadi miaka ya 2010 barabara hii ilikuwa ya vumbi, na aliyeipita kwa baiskeli alikuwa mkazi mwenye shughuli zake: mtungi wa maji kwenye keria, au gunia la nafaka likipelekwa sokoni. Lami iliwekwa baadaye ili magari yatokayo Mombasa yaweze kuelekea kaskazini bila kuingia Nairobi. Wasafiri wa masafa marefu, mathalani wale wa Tour d'Afrique, msafara wa Cairo hadi Cape Town ulioanza mwaka wa 2003, wamezoea kupitia Moyale, Marsabit na Nairobi. Kusini mwa Kitui hawakufahamu sana.

Anayeisoma njia hii kwenye ramani hudhani ni mteremko mtupu, kwa kuwa Kitui iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na barabara hushuka kuelekea Athi. Kosa hilo ndilo huwaponza wengi. Saa za asubuhi, wakati miguu ina nguvu na hewa ni baridi, ndizo za mteremko. Baada ya Ikutha hutokea uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni mto wa lava iliyoganda zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita na kuenea kwa karibu kilomita 300. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Mwendeshaji huupanda, akateremka hadi darajani, kisha akakabili mpando mrefu wa kuelekea Kibwezi, mji ulio karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mpando huo si mkali, lakini humkuta mtu alasiri, jua likiwa lingali kali na chupa zikiwa karibu tupu.

Kwa sababu hiyo kundi lenye busara huondoka saa kumi na mbili alfajiri, hufika Mutomo kabla ya saa nne, na huitumia adhuhuri kivulini Ikutha. Hung'oa nanga tena yapata saa nane na nusu ili liwahi Kibwezi kabla ya giza, ambalo huku huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Februari, Machi, Septemba na Oktoba ni miezi ya joto kali. Julai na Agosti, zenye mawingu na baridi kidogo, ndizo zinazofaa zaidi.

Mtu anayeendesha baiskeli juani huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa saa. Kwa safari ya saa saba au nane kitini, kundi la watu 12 litahitaji zaidi ya lita 40. Maji matupu pia hayatoshi: jasho hutoka na chumvi, na anayekunywa maji mengi bila kuirudisha chumvi hiyo huumwa kichwa, hutapika na hata kupoteza fahamu. Dalili hizo hufanana na za kiu, na mwenzake asiyejua humzidishia maji.

Maji hayo yanatoka wapi? Mito ya Kitui Kusini, kama Tiva na Thua, huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Wakazi huchimba visima mchangani, na katika Kitui, tangu miaka ya 1990, shirika la Sasol limeshirikiana na wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukinga mchanga wa mafuriko, nao huhifadhi maji katikati ya chembe zake, yakiwa yamekingwa na jua. Kutoka hapo hubebwa kwa punda, kwa baiskeli au mgongoni. Kwa hivyo mtungi wa lita 20 ulio mlangoni pa duka huenda umegharimu nusu siku ya mtu. Kundi linalotua ghafla na kuumaliza, kisha likaaga kwa shukrani tu, limeiachia familia safari nyingine ya mtoni. Wanaofahamu hutuma mtu mbele siku moja kabla, huagiza na hulipa, au hubeba maji yao kwa gari.

Barabarani, waendeshaji hufuatana kwa mstari na kupokezana uongozi, kwani aliye nyuma hukingwa na upepo na huokoa nguvu nyingi. Mbinu hiyo hudai nidhamu: anayeongoza hutaja kila shimo, mbuzi na lori. Mwendo wa kundi huwekwa na aliye dhaifu zaidi. Pakiwa na mapumziko kando ya njia, baiskeli haziburutwi vichakani, maana miba ya migunga hutoboa tairi yoyote. Viraka, gundi na pampu mbili ni vya lazima.

Kibwezini msafiri hukutana na barabara kuu ya Mombasa, ambayo kwa baiskeli ni hatari usiku. Kundi lililochoka hulala papo hapo. Asubuhi, zaidi ya kilomita 20 kuelekea Nairobi, liko hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula kisicho na nyama na mahali pa kupumzika bila malipo, ila pombe na tumbaku haviingizwi.