Silaha katika picha za askari wetu wa zamani

Katika nyumba nyingi za kwetu kuna picha ya askari wa Force Publique, na watoto wanaambiwa tu: huyu ni babu, alipigana Tabora. Pengine ni kweli. Lakini Tabora ilitwaliwa tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka 1916, na Waitalia walijisalimisha kwa jeshi letu kule Ethiopia mwaka 1941, baada ya mapigano ya Saio. Vita hizo mbili zinapishana miaka 25, na familia nyingi zinazichanganya. Wazee wa kuulizwa wamekwisha. Basi tuulize silaha.

Tuanze na bunduki. Albini, ya zamani zaidi, inatia sasi moja moja, na nyundo yake inaonekana nje. Mauser ya 1889 ina kisanduku cha masasi matano mbele ya kifyatulio, na mtutu wake umevikwa bomba la chuma, kwa hiyo unaonekana mnene. Kishikio chake kinatokeza upande wa kuume. Mukikiona upande wa kushoto, musishangae: picha ilisafishwa kinyume, na hata vifungo vya koti mutavikuta vimegeuka. Shida ni kwamba Mauser hiyo ilikaa miaka mingi mikononi mwa askari. Yenyewe peke yake haitoshi kutoa mwaka.

Bastola, ile watu wanaita pistole, inasema zaidi. Kwa kawaida ilikuwa ya wakubwa, na mpaka 1960 maofisa wote walikuwa wazungu. Mfuko wa ngozi ukivimba katikati, ndani mna revolva ya Nagant, juu ya ule mviringo wa masasi. Mfuko ukiwa bapa, ni Browning ya kiwanda cha FN, kule Herstal. Tena Browning si moja. Ile ya 1910 haina nyundo. Ile ya 1935, yenye mpini mnene wa masasi 13, nyundo yake iko nje nyuma. Mzungu aliyesimama karibu na babu akiwa nayo mkononi, basi, jamani, hiyo picha si ya Tabora hata kidogo. Kwetu sisi hilo si kumnyang'anya babu sifa yake. Saio nayo ilikuwa vita.

Kuna picha zingine ambazo watu wanazificha chini ya sanduku. Mutu amesimama pembeni ya masoda, bila bunduki, bila mkanda wa masasi, miguu mitupu, pengine na kamba au mzigo. Huyo ni mpagazi. Katika vita ya 1914-1918 Wabelgiji walikamatisha wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi walikufa njiani kwa njaa na magonjwa. Masasi ya Tabora yalifika kwa vichwa vyao. Tumeona picha ya namna hiyo imekatwa kwa makasi, akabaki soda peke yake na Mauser yake; ya yule mwingine umebaki mkono tu.