Dua kwa Mgonjwa na Kadari

Dua kwa mgonjwa ni ombi la uponyaji, linalotolewa hata na waumini wanaoamini kwamba hakuna litokealo nje ya matakwa ya Mungu. Hapo ndipo penye fundo: kama mambo yote yameshapangwa, mwombaji anaomba nini?

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alijibu kwamba dua haibadili mpango wa Mungu bali imo ndani yake, ikiwa miongoni mwa sababu za matokeo. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki 1350, alifuata njia iliyo karibu na hiyo: dua, sawa na dawa, ni sehemu ya kadari yenyewe.

Katika Biblia, Mfalme Hezekia wa Yuda, akiwa mgonjwa, aliambiwa na nabii Isaya kwamba atakufa. Akageukia ukutani, akaomba, akalia. Akaongezewa miaka 15. Isaya aliagiza pia tini zibandikwe kwenye jipu lake, jambo ambalo msomaji hulipita upesi.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kombe, yaani aya za Kurani, huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Vidonge vya hospitali navyo huendelea.

Utafiti wa Marekani wa 2006, kwa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, haukuona nafuu iliyoletwa na maombi. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa ndio waliopata matatizo zaidi baada ya upasuaji: asilimia 59 yao.